Miraba 120 na Mkono Uliolaumiwa: Uchambuzi wa Kisa cha Shuka la Kroshia, Wete

Mwezi wa Rajabu ulipoandama, mama wa nyumba moja ya Wete, kaskazini mwa Pemba, aliwatangazia watu wake kwamba binti yake, ambaye harusi yake ilikuwa imewekwa mwanzoni mwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, hatatoka nyumbani bila ya shuka la kufuma lililotoka mikononi mwa wanawake wa nyumba hiyo. Wanawake wenyewe walikuwa wanne: mama huyo, wifi yake, yaani shangazi wa bibi harusi, mjane anayekaa chumba cha uani, mkamwana, mke wa kijana wao mkubwa, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na bibi harusi mwenyewe. Nitawaita kwa udugu wao na si kwa majina, kwa sababu udugu huo ndio uliolifanya jambo dogo la sentimita mbili kuwa jambo kubwa. Mimi niliingia katikati ya kisa, kwa kuwa nafundisha kazi za mikono na mama huyo aliwahi kuwa jirani yangu, na niseme mapema kwamba ushauri wangu wa kwanza uliharibu zaidi kuliko kutengeneza.

Mpango ulikuwa mzuri na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kitanda kilikuwa cha futi tano kwa sita, yaani takriban sentimita 152 kwa 183. Mraba uliochaguliwa ulikuwa wa mizunguko sita, wenye vishada vya mishono mirefu mitatu mitatu na tundu katika kila pembe, na ulikusudiwa kuwa na sentimita 15 kila upande. Miraba 10 kwa upana na 12 kwa urefu inafanya miraba 120, na shuka la sentimita 150 kwa 180 kabla ya kuunganishwa. Kuanzia Rajabu hadi mwisho wa Mfunguo Mosi ni miezi minne ya siku 29 au 30, kwa hiyo nyumba nzima ilihitaji kufuma mraba mmoja tu kwa siku, ambao ni miraba 30 kwa kila mwanamke. Uzi ulikuwa wa pamba, rangi ya maziwa, kwa sababu uzi wa sufu au wa nailoni juu ya kitanda cha Pemba, kwa joto letu na unyevu wetu, ni adhabu na si pambo. Mraba mmoja ulikula gramu 15, hivyo zilihitajika gramu 1,800, ambazo ni madonge 36 ya gramu 50. Madonge 24 yalinunuliwa Darajani, Unguja, na kuvushwa kwa boti mpaka Mkoani. 12 yaliyobaki yalifuata Shaabani. Uzi wa kuunganishia, wa rangi ya karafuu kavu, ulinunuliwa wote kwa mara moja.

Kwamba walichagua miraba badala ya kufuma shuka zima kwa kipande kimoja si jambo la bahati. Mraba unaingia katika mkoba, unafumwa barazani wakati wa kungojea mchele uive, unawekwa chini mtoto anapolia na kuokotwa tena bila ya kupoteza hesabu, kwani mzunguko wowote unasomeka kwa macho. Shangazi, ambaye amesuka ukili tangu utotoni, alilielewa hilo mara moja. Ukili nao ni ukanda mwembamba wa miaa ya mkindu unaosukwa mahali popote, huku mtu akizungumza, akitembea au akilinda nazi juani, na mkeka huja baadaye, ukili unaposhonwa ubavu kwa ubavu. Katika kazi zote mbili kitu kikubwa kinazaliwa kutokana na vipande vya muda ambavyo nyumba haikuvitumia kwa jambo jingine. Lakini mwenye kusuka ukili anajua kwamba ukili ukipanuka kidole hapa na kusinyaa kidole pale, mkeka hautalala chini. Maarifa hayo yalikuwamo ndani ya nyumba muda wote, yamekaa chumba cha uani, na hakuna aliyeyauliza.

Tarehe 9 Ramadhani, baada ya tarawehe, mama aliunganisha safu mbili za kwanza, kila moja ya miraba 10, ili aone shuka litakavyokuwa. Safu ya pili ilifanya mawimbi. Alipoivuta ilitulia upande mmoja na kufura upande mwingine, na alipoitandaza juu ya kitanda ilisimama kama maandazi yanayoumuka. Miraba tisa kati ya kumi ya safu hiyo ilikuwa ya mkamwana. Hakuna aliyesema neno la wazi. Watu wa nyumba ile wana adabu. Shangazi alisema tu, akiwa anachambua mchele, kwamba kuna mikono iliyozoea simu zaidi kuliko sindano, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mkamwana alijifunza kroshia kwa kutazama video. Mkamwana aliinamisha kichwa, akamaliza kukuna nazi, na kuanzia siku ile hakuleta tena mkoba wake barazani. Kazi nzima ilisimama ikiwa na miraba 71.

Niliitwa siku mbili baadaye. Nilizitazama safu zile mbili, nikaona miraba ya mkamwana imefura, nikakubaliana na macho yangu na maneno ya nyumba: mkono wake ni mlegevu, apewe sindano nyembamba. Nikamwazima sindano yangu ya milimita 3.5 badala ya ile ya milimita 4 waliyokuwa wakiitumia wote. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu," na kwa muda wa wiki moja akafuma miraba mitano kimyakimya. Miraba hiyo mitano ilitoka na sentimita 14.2. Haikulingana na chochote alichokuwa amekifuma mwenyewe, wala na miraba ya shangazi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetoa dawa bila ya kupima homa.

Tarehe 18 Ramadhani, asubuhi, tulitandika mikeka miwili uani na kupanga miraba yote 76 kwenye mwanga wa jua. Niliwaomba wote wanne wawepo, na niliomba pia safu mbili zile zifumuliwe uzi wa kuunganishia, jambo ambalo mama hakulipenda. Kumtambua mwenye mraba hakukuwa na tabu, kwani kila mmoja ana namna yake ya kumalizia uzi: shangazi huuficha ukapotea kabisa, mkamwana huupitisha mara mbili na kuukata karibu, bibi harusi huuacha unaning'inia akitumaini kwamba mtu mwingine ataushughulikia. Miraba ya mama ilikuwa na alama ya ziada ambayo ndiyo iliyofumbua kisa hiki. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kutayarisha chakula cha mchana, alikuwa akiitunga miraba yake ya wiki hiyo katika kipande cha uzi na kukifunga mafundo kwa idadi ya wiki: fundo moja kwa wiki ya kwanza, mawili kwa ya pili, na kuendelea. Alifanya hivyo ili ajue kama yuko nyuma ya hesabu. Bila ya kukusudia alikuwa ameandika tarehe juu ya kila mraba.

Shangazi alikuwa na miraba 22, na yote ilikuwa kati ya sentimita 14.7 na 15.2. Mkamwana alikuwa na 14 ya sindano ya kwanza, yote kati ya 15.3 na 15.5, pamoja na ile mitano ya sindano yangu. Bibi harusi alikuwa na tisa tu, yote karibu na 16, na sote tulicheka, yeye wa kwanza, kwa sababu miraba ile ilikuwa imetulia mno kama mtu asiyekuwa na haraka ya kuolewa. Mama alikuwa na 26. Kati ya hiyo, 11 ilikuwa na 15 kamili au pungufu kidogo, minane ilikuwa na 14, na saba ilikuwa na 16. Mkono mmoja, sindano ileile ya aluminiamu aliyoletewa na ndugu yake kutoka Maskati, uzi wa madonge yaleyale, na tofauti ya sentimita mbili. Hakuna mwengine katika nyumba ile aliyekuwa na tofauti hata ya nusu yake kwa sindano moja.

Kabla ya kuisema sababu, nieleze nilivyoondoa sababu nyingine, kwa maana mtu akiziacha zitarudi mlangoni. Jambo la kwanza nililolishuku lilikuwa majina ya mishono. Mama alifundishwa na mwanamke aliyetumia vijitabu vya Kiingereza vya zamani, na mkamwana alijifunza kwa video za Kimarekani. Na mataifa hayo mawili hayakubaliani. Mshono ambao Waingereza wanauita wa mara mbili ndio ambao Wamarekani wanauita wa mara moja, na ule wa mara tatu wa Waingereza ndio wa mara mbili wa Wamarekani, hivyo mtu anaweza kufuata maelezo neno kwa neno na kutoka na kitambaa kingine kabisa. Nilihesabu na kupima urefu wa mishono: wote walikuwa wakifuma mshono mmoja. Jambo la pili lilikuwa ukubwa wa sindano, kwani hesabu ya zamani ya Uingereza inakwenda kinyume, ambapo namba 9 ni nyembamba kuliko namba 8, na hapo makosa ni rahisi. Nilizipitisha zote nne kwenye kipimo changu cha matundu. Zote zilikuwa za milimita 4. Uzi nao ulikuwa mmoja mpaka hapo, kwa sababu yale madonge 12 ya Shaabani yalikuwa hayajaguswa.

Ikabaki nyuzi zenye mafundo. Miraba saba ya sentimita 16 ilikuwa katika uzi wa mwisho, wa siku za mwanzo za Ramadhani, na mama mwenyewe alisema kwamba aliifuma alasiri, akiwa na saumu, amekaa kwenye kibao karibu na jiko huku maharage yakichemka. Mkono ulilegea, na haishangazi. Ile ya 15 ilikuwa ya Rajabu, ya baada ya swala ya alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala. Ile minane ya 14 haikuwa katika uzi wowote, kwa maana ndiyo aliyoitungua akaitumia kwenye safu ya kwanza. Kikapuni kulikuwa na uzi mtupu wenye mafundo sita.

Nikauliza wiki ya sita ilikuwa lini. Mama alikuwa anahesabu kwa vidole mkamwana alipojibu, kwa sauti ndogo, "Ni siku za hospitali, mama." Mwanawe alikuwa amelazwa kwa homa siku tano mwanzoni mwa Shaabani. Mkamwana alikaa naye mchana, na usiku alikuja bibi yake kumpokea ili mama wa mtoto apate kulala. Miraba ile minane ilifumwa pembeni mwa kitanda cha mgonjwa, na kila kitanzi kilikuwa kimekazwa kama mtu anayefunga mlango. Mama aliuchukua mmoja, akauvuta, haukuvutika. Alisema, "Kumbe ni mimi," na baada ya hapo akaingia ndani akasema anakwenda kutazama maji ya kuogea. Siku ile hatukumwona tena mpaka magharibi.

Hesabu ya zile safu mbili sasa inaeleweka. Safu ya kwanza ilikuwa na miraba minane ya 14 na miwili ya 15, jumla sentimita 142. Safu ya pili ilikuwa na tisa ya mkamwana, wastani wa 15.4, na mmoja wa 15, jumla karibu sentimita 153.6. Karibu sentimita 12 zililazimishwa kukaa mahali ambapo hazikuwa na nafasi, na kitambaa kisipokuwa na nafasi hupanda juu. Hapo ndipo macho yanapodanganya, yangu yakiwemo: mraba uliobana hulala kimya, na ule ulio karibu na kipimo hufura kando yake, kwa hiyo anayelaumiwa ni anayefura. Ningepima mraba mmoja tu wa kila safu siku ya kwanza, nisingemtia mkamwana sindano ya 3.5 mkononi.

Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba kosa lilikuwa la mama. Hakukosea. Alikuwa na nyumba, mgonjwa, saumu na harusi, na alifuma katika nafasi zilizobaki. Kosa lilikuwa la mpango, uliodhani kwamba mkono wa mtu ni mmoja kwa miezi minne, na ukagawa kazi kwa idadi ya miraba bila ya kuweka kipimo cha kuurudia.

Mama alitaka kufumua miraba yake yote minane na ile saba. Nilipinga, na sababu zangu hazikuwa za huruma. Mraba mmoja unachukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo kufuma upya 15 ni zaidi ya saa 22 ambazo nyumba haikuwa nazo, na uzi wa pamba uliofumuliwa hutoa manyoya na hauna tena sura ya ule mpya ulio jirani yake. Tulichofanya ni kubadilisha lengo. Badala ya kuirudisha yote kwenye 15, tuliipeleka yote kwenye 16 kwa uzi wa rangi ya karafuu. Miraba 47 iliyokuwa karibu na 15 ilizungushiwa mshono mfupi mara moja, ambao unaongeza nusu sentimita kila upande. Miraba 13 iliyokuwa karibu na 14, yaani minane ya mama na mitano ya sindano yangu, ilizungushiwa mshono mrefu, ambao unaongeza sentimita nzima kila upande. Miraba 16 iliyokuwa tayari na 16 ilipitishiwa mshono wa kuteleza tu, usioongeza kitu, ili mstari wa rangi uonekane sawa. Tofauti ndogo zilizobaki tulizimaliza kwa maji: miraba ililowekwa, ikakamuliwa ndani ya taulo bila ya kusokotwa, ikabanwa kwa pini juu ya godoro kwa kipimo cha 16, ikaachwa kivulini mpaka ikauke. Pamba inakubali kufundishwa hivyo. Uzi wa nailoni haukubali, na ukiutia pasi ya moto unayeyuka. Pini ziwe zisizoshika kutu, nasema hivi kwa uchungu wa kitambaa kingine, cha mwaka mwingine, kilichotoka na madoa 40 ya rangi ya chai.

Mtu makini atasema kwamba mistari ya karafuu haikuwa na upana mmoja. Ni kweli. Kwa mwenye kutazama karibu, mingine ni minene. Shangazi alishauri miraba yenye mstari mnene isiwekwe pamoja bali isambazwe, mmoja huku na mmoja kule, na ilipokaa hivyo ilionekana kama nakshi iliyokusudiwa.

Ilibaki miraba 44, na hapo likazuka jambo la pili, ambalo tuliliwahi kwa sababu tulikuwa tayari uani juani. Madonge 12 ya Shaabani yalipofunguliwa, rangi yake ya maziwa ilikuwa na umanjano kidogo. Namba ya rangi kwenye karatasi ilikuwa ileile, lakini namba ya pili, inayoonyesha uzi ulitiwa rangi katika pipa gani, ilikuwa nyingine. Chini ya taa ya ndani hata mimi nisingeiona tofauti hiyo. Bahati hesabu ilitufaa: madonge 24 ya kwanza, gramu 1,200, yanatosha miraba 80, na 12 ya pili, gramu 600, yanatosha 40. Shuka la miraba 10 kwa 12 lina miraba 40 hasa katika mzunguko wake wa nje na 80 ndani. Kwa hiyo minne ilifumwa kwa mabaki ya uzi wa kwanza ikakamilisha ile ya ndani, na uzi wenye umanjano ukawa ukingo. Bibi harusi aliambiwa kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Hakuamini, lakini alikubali.

Kwa miraba hiyo 40 niliuliza kipimo kiweje, na nilikuwa nimejitayarisha kugawa tepu za fundi cherehani. Shangazi alinyanyuka, akachomoa chelewa kwenye ufagio, akazikata vipande vinne vya sentimita 15, yaani kipimo cha mraba kabla ya kuzungushiwa mshono mfupi wa karafuu, na katika kila kipande akatia alama ya mkwaruzo pale mzunguko wa tatu unapotakiwa kufika. Alisema ndivyo bibi yake alivyowapima ukili walipokuwa wakisuka watoto sita barazani. Faida yake kubwa ni ule mkwaruzo: ukipima mraba ukiwa nusu, na ukauona umebana au umelegea, una mizunguko mitatu ya kuurekebisha, ama kwa mkono au kwa kuuweka chini na kuurudia baada ya kulala. Tepu ingekaa kabatini. Chelewa ilikaa ndani ya mkoba pamoja na sindano, na hata mtoto akiivunja, ufagio upo. Miraba 40 ilitoka yote kati ya 14.8 na 15.3, ikiwemo ya mama aliyoifuma alasiri za Ramadhani na ya bibi harusi ambaye hatimaye alianza kuona haraka.

Mkamwana alirudi barazani. Sikusikia mtu akimwomba radhi, na sidhani kama lilisemwa neno. Ila usiku wa kuunganisha, siku tatu baada ya Idi, mama alimkabidhi yeye kikapu na kumwambia apange safu kwa namna anavyoona, na shangazi akawa anapokea miraba kutoka kwake mmoja mmoja. Shuka lilimalizika tarehe 26 Mfunguo Mosi, likiwa na sentimita 160 kwa 192, na lilining'inia vidole viwili vitatu kila upande wa kitanda bila ya wimbi.

Sindano yangu ya milimita 3.5 ililetwa na mtoto wa jirani wiki ile ile, imefungwa ndani ya karatasi pamoja na kipande cha halua na chelewa moja ya sentimita 15.